Anayesoma Akitokea Nyumbani

Saa hizi za asubuhi mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alupe anayelala kwao mjini Busia yumo ndani ya matatu ya Malaba, akipishana na malori ya mizigo.

Kulala nyumbani kunaokoa kodi ya chumba, ingawa nauli nayo hula kidogo kidogo. Gharama kubwa hujitokeza jioni: akifika anangojewa na vyombo, wadogo zake na maji ya kuchota, hasa akiwa msichana. Wengi wetu humwona amepumzika kwa kuwa yuko kwao. Mzazi, leo jioni kabla hujamtuma dukani, mwulize kwanza kama ana mtihani kesho.