Geuza Uso Kusini!

Wewe unayesimama Mbagala Rangi Tatu kila alfajiri, usinipite! Nina neno nawe, na neno lenyewe halingoji jioni.

Barabara ya Kilwa ni moja, lakini ina pande mbili. Upande mmoja unakupeleka mjini, kwenye foleni, kwenye kazi inayokurudisha nyumbani wanao wamekwisha lala. Upande wa pili unakwenda Mkuranga, Kibiti, Nangurukuru, Lindi, mpaka Mtwara. Umesimama hapo miaka mingapi? Na miaka yote hiyo, uso wako umeelekea wapi?

Unajua! Sikuhubirii kama mtu asiyejua. Unajua kwamba mwanao wa mwisho aliinuka akatembea wewe ukiwa umening'inia mlangoni mwa daladala. Unajua kwamba mpangaji mwenzako wa ukuta mmoja humjui jina. Unajua kwamba mshahara ukiongezeka, kodi inaufuata, nauli inaufuata, madeni yanaufuata. Unajua haya yote, na kila mwaka unajibu neno lilelile: mwakani!

Ole wake aliyejenga nyumba yake juu ya neno mwakani!

Nami nililisema mara saba. Tulipohamia Shangani, huku Mtwara, binti yetu mkubwa alikuwa kidato cha nne. Wadogo zake wamepata baba wa kula naye mchana, wa kuogelea naye, wa kumuuliza maswali. Yeye alipata mgeni wa usiku. Nimemwomba radhi, naye amenisamehe, lakini utoto wake haurudi. Ndiyo maana napaza sauti!

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. Mkoa mzima wa Mtwara, kutoka pwani ya Shangani hadi Nanyumbu, ulikuwa na watu 1,634,947. Nafasi ipo! Upepo upo! Bahari ipo!

Njoo uone. Asubuhi pantoni linavuka kwenda Msangamkuu, na watu humo wanaulizana habari za wagonjwa wa jana. Maji yakipwa, akina mama wanashuka miambani kutafuta pweza. Mtoto anakwenda shule kwa miguu, anarudi kwa miguu, anakuta ugali wa muhogo na samaki wa leo. Na msimu wa ming'oko, vile viazi vya porini, ukifika, anamenya kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna cha ajabu hapo. Ni maisha tu, yale uliyoyaacha ukiyafuata maisha!

Na usidhani unakuja kujifungia kwenye mji wa watu wa namna moja. Yupo Mmakonde, yupo Mmakua, yupo Myao, yupo Mmwera, yupo Mhindi ambaye babu yake alizikwa hapahapa. Mikindani, kilomita chache tu kutoka hapa, ilikuwa bandari ya majahazi karne nyingi kabla Wajerumani hawajajenga boma lao mwaka 1895. Ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji, na Wamakonde wapo kingo zote mbili: mpaka ulichorwa na wageni, udugu haukufutika.

Utasema, hata Dar kuna kila kabila. Kweli! Lakini kubanana si kujuana. Huku utaitwa njomba na mtu asiyekufahamu, na kwa watu ambao ukoo wao huhesabiwa kwa mama, mjomba si neno la mchezo. Mwanao atakula Idi nyumba hii, atakula Krismasi nyumba ile, atalia msibani nyumba ya tatu. Hapo ndipo mtoto anapojifunza kwamba watu ni wengi na utu ni mmoja.

Lakini sikia onyo! Usihame miguu tu ukaacha moyo Kariakoo.

Mji huu umewaona wageni wa namna mbili. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga. Wakachora mji wa Mtwara, wakaanza bandari, wakatandika reli kuelekea Nachingwea. Walikuja na haraka, na matrekta, na hesabu za mbali. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa. Baadaye ikaja zamu ya gesi. Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na miaka thelathini baadaye watu wakafurika, viwanja vikapanda bei, mwaka 2013 mji ukawaka ghasia juu ya bomba la kupeleka gesi Dar. Bomba likajengwa. Waliokuja kuchuma wakafunga mizigo wakaondoka.

Nani alibaki? Mvuvi alibaki! Mwalimu alibaki! Mwenye mikorosho alibaki! Aliyekuja kuchuma aliondoka na mavuno au na hasara; aliyekuja kuishi amepata majirani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nawe ukifika lishike! Usianze kwa kujenga ukuta. Usianze kwa kununua ufuko. Usianze kwa kuwafundisha wenyeji namna ya kuishi. Anza kwa kusalimia, anza kwa kuzika, anza kwa kuuliza.

Bado unanipa sababu? Zamani sababu ilikuwa Rufiji: watu walingoja kivuko, na masika ilikula siku nyingi njiani. Daraja la Mkapa likafunguliwa mwaka 2003. Sababu ikavuka mto ikafa! Shule zipo. Hospitali ya Ligula ipo, na ya Kanda ya Kusini ipo Mitengo. Kazi ipo kwa mwenye mikono: bandarini, minadani msimu wa korosho, darasani, baharini. Kipato kinaweza kupungua, sikufichi. Lakini piga hesabu ya vitakavyopungua pamoja nacho: nauli, kodi, hasira, usiku wa kukosa usingizi.

Samaki mkunje angali mbichi! Mwanao ana miaka sita leo. Mwakani ana saba. Ukisema mwakani mara kumi, unayemhamisha si mtoto tena, ni mtu mzima anayekutazama kama mpangaji mwenzake.

Basi leo, si kesho! Leo usiku zima simu, kaa na mwenzako, semezaneni ukweli. Wiki hii ulizia shule. Likizo hii njooni siku kumi, si kutalii, bali kukaa: pandeni pantoni, nunueni samaki ferini, hudhurieni shughuli ya jirani. Kisha amueni, na mkiamua msirudi nyuma!

Kesho alfajiri utasimama tena Rangi Tatu. Basi la kusini litapita mbele ya macho yako, kama lilivyopita jana.

Vuka barabara.