Nafaka ya Chini ya Lundo

Ama baada. Enyi ndugu zangu wa pwani, mahindi na maharage tulayo mengi hulimwa bara, na mkulima wa bara akisha kuvuna ndipo taabu yake huanza. Tutazame Nyakisasa, katika wilaya ya Ngara. Fukusi hutoboa maharage ghalani, na mahindi huliwa na dumuzi, mdudu wa asili ya Amerika aliyeingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakulima wamempa jina la Scania, na aonaye unga auachao hawalaumu.

Lakini adui mbaya kuliko hao ni unyevu, kwani huzaa kuvu, na kuvu huzaa sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Basi yampasa mkulima aanike juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Kisha atie punje na chumvi kavu katika chupa kavu, aitikise: chumvi ikigandama kwenye chupa, nafaka haijakauka. Ikikauka, aitie katika mfuko usiopitisha hewa, aufunge barabara; wadudu watakufa kwa kukosa pumzi.

Kuweka akiba si kupungukiwa na tawakali. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, aliwaamuru watu wa Misri waache nafaka katika mashuke yake. Wala mkulima awekaye mazao ya shamba lake si mlanguzi. Mlanguzi aliyeharimishwa ni anunuaye chakula wakati wa ughali akakizuia ili kizidi kupanda.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono katika lundo la chakula, vidole vikakuta maji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha akamkana mwenye kughushi.

Nanyi mfanyao biashara ya nafaka, mkono wenu umefika chini ya gunia? Ajuaye kuvu akanyamaza amekula haramu, na mnunuzi akiuona ule uaibu ana haki ya kurudisha mali na kupewa fedha zake. Wako wasemao, "Basi tutampa ng'ombe." Ng'ombe naye hukamuliwa, na sumu ile hupita katika maziwa hata kinywani mwa mtoto.