Msibatize Tukio Kabla ya Kulisikiliza

Wajukuu wangu wa Bungoma na Kitale,

Nimesikia kwamba mnaiandikia Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo iliyoanza mwaka 2003, na kwamba sasa hamsemezani kwa sababu ya kichwa cha makala. Mmoja aliandika kuhusu Malakisi akaita "Mauaji ya Halaiki". Mwenzake akafuta, akaweka "Ghasia za Malakisi". Wa tatu akarudisha la kwanza, wa pili akafuta tena. Sitawaambia nani ameshinda. Nimefundisha historia miaka mingi, na ninalotaka mlishike ni hili: kichwa cha makala kitaje tendo ambalo pande zote zinakubali kwamba lilitendeka. Yanayobishaniwa yaingie ndani, kila dai likiwa na mwenyewe.

Tuanze na hiyo Malakisi yenyewe. Tarehe 10 Februari 1948 wafuasi wa Dini ya Msambwa walikusanyika pale, wakakabiliana na polisi. Polisi wakafyatua risasi. Watu 11 wakafa, wengine wakajeruhiwa. Kabla mwezi haujaisha, dini ilikuwa imepigwa marufuku na kiongozi wake, Elijah Masinde wa Kimilili, amekamatwa. Akapelekwa kuzuiliwa Lamu, mbali kabisa na Mlima Elgon wake.

Maofisa wa kikoloni waliziita ghasia. Ukilisoma neno hilo peke yake, unaona umati wenye fujo. Bunduki huioni, wala huoni ilishikwa na nani. Watu wa huku wakayaita mauaji. Ukilisoma hilo peke yake, unamwona muuaji na anayeuawa, wala huulizi ni kitu gani kilichowakusanya watu wale siku ile. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kila upande umeshatoa hukumu kwenye kichwa, kabla msomaji hajafika sentensi ya kwanza.

Sasa jiulizeni: pande hizi zinakubaliana wapi? Hakuna ofisa aliyekana kwamba polisi walipiga risasi. Hakuna mfuasi wa Msambwa aliyekana kwamba watu walikusanyika. Kinachobishaniwa ni haki ya kupiga risasi. Tendo lenyewe halina mgogoro. Basi andikeni "Kupigwa risasi kwa wafuasi wa Dini ya Msambwa, Malakisi, 1948". Ni kichwa kirefu na hakina mdundo, lakini yeyote anayeijua habari ile, awe mjukuu wa marehemu au mjukuu wa askari, atakiri kwamba ndiyo iliyotokea.

Najua kuna kijana mpole kati yenu aliyependekeza "Tukio la Malakisi" ili ugomvi uishe. Mwanangu, nia yako ni njema, ila umewafunika maiti 11 kwa shuka. Kutopendelea upande si kunyamaza. Tendo likiwa linajulikana, litajwe. Neno baridi kama "tukio" lina mahali pake, nami nitawaonyesha ni wapi.

Tarehe 22 Februari 2019 watu kadhaa waliingia katika ubalozi wa Korea Kaskazini mjini Madrid, Hispania, wakaondoka na kompyuta na vifaa vingine vya kuhifadhia data. Jaji wa Hispania alieleza kwamba lilikuwa shambulio, na kwamba wafanyakazi walifungwa na kupigwa. Kundi la Free Joseon, lililokiri kuhusika, lilisema halikuvamia wala halikumpiga mtu. Lilidai liliingia kwa mwaliko. Mmoja wa walioingia, Christopher Ahn, alikamatwa Marekani mwezi Aprili mwaka huohuo. Mei 2023 hakimu Jean Rosenbluth aliamua kwamba sheria inaruhusu apelekwe Hispania, lakini katika uamuzi uleule akaandika kwamba haoni kuwa hilo ndilo jambo la haki. Tazameni sasa: hapa ubishi haupo kwenye haki ya tendo tu, upo kwenye tendo lenyewe. Je, mlango ulivunjwa au ulifunguliwa? Anayeandika "uvamizi" amemwamini jaji. Anayeandika "kuingia kwa mwaliko" ameliamini kundi. Hapa ndipo "tukio la ubalozi" linapostahili, kwa sababu hatuna tendo ambalo wote wamelikubali zaidi ya kuingia na kutoka.

Shikeni tofauti hiyo, maana ndiyo kiini cha nasaha yangu. Ubishi ukiwa juu ya sababu na haki, litajeni tendo waziwazi. Ubishi ukiwa juu ya tendo lenyewe, tumieni jina baridi, na moto wote uwe ndani ya makala.

Msidhani habari za balozi ni za Ulaya peke yake. Abdullah Öcalan, kiongozi wa chama cha Wakurdi cha PKK, aliingia Kenya tarehe 2 Februari 1999 akahifadhiwa katika makazi ya balozi wa Ugiriki jijini Nairobi. Tarehe 15 alitoka, akidhani anasafirishwa kwenda mahali salama. Kwa maelezo yaliyofikishwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, gari alilopanda, lililoendeshwa na afisa wa Kenya, liliacha msafara na kumpeleka hadi kwenye ndege ambamo maafisa wa Uturuki walikuwa wakimngoja. Uturuki ikasherehekea kukamatwa kwa gaidi. Wafuasi wake wakalia kwamba ametekwa nyara kwa njama ya mataifa. Serikali ya Kenya ikakana kushiriki, huku mawaziri watatu wa Ugiriki wakijiuzulu, akiwamo Theodoros Pangalos wa mambo ya nje. Mei 2005 mahakama ile iliona kwamba haikuthibitishwa kuwa uhuru wa Kenya ulivunjwa, ila ikasema pia kwamba kesi aliyofanyiwa Öcalan huko Uturuki haikuwa ya haki.

Mngeiitaje makala hiyo? Nasikia mtu akisema "Uvamizi wa Ubalozi wa Ugiriki, Nairobi". Lina msisimko, lakini si kweli: hakuna aliyebomoa mlango wa Wagiriki; mtu alitoka kwa miguu yake akaingia garini. "Kutekwa nyara" ni dai la upande mmoja. Andikeni "Kukamatwa kwa Abdullah Öcalan, Nairobi, 1999". Hata anayeamini alitekwa hawezi kukana kwamba alikamatwa. Halafu ndani mueleze nani anasema alitekwa, nani anasema ilikuwa operesheni halali, na mahakama ilisema nini mwaka gani.

Turudi nyumbani, kwenye jina linalouma zaidi. Machi 2008 jeshi na polisi waliingia Mlima Elgon kupambana na SLDF (Sabaot Land Defence Force), kundi lililozaliwa na mgogoro wa ardhi ya Chepyuk. Kundi hilo liliua mamia ya watu, likakata wengine masikio, likawakimbiza maelfu kutoka makwao. Baadhi yenu mlilelewa na wazazi waliokimbilia Kitale na Bungoma usiku. Serikali iliipa kazi ile jina la Operesheni Okoa Maisha. Human Rights Watch na shirika la IMLU (Independent Medico-Legal Unit) wakaandika habari za wanaume waliokusanywa, wakateswa katika kambi ya Kapkota, na wengine waliochukuliwa wasionekane tena. Jeshi likakana.

Jina "Okoa Maisha" alilitunga mtendaji kabla hajatenda. Linasema alilokusudia, au alilotaka tuamini amekusudia. Halitoi ushahidi wa kilichofanyika. Hamwezi kulificha, kwa sababu ndilo jina rasmi na ndilo watu wanalotafuta. Wekeni ukurasa wa kuelekeza, ili anayeandika "Okoa Maisha" afike. Lakini kichwa kiwe "Operesheni ya kijeshi Mlima Elgon, 2008". Na ndani msije mkawaandika waliopotezwa na jeshi mkawasahau waliochinjwa na SLDF, wala msitumie unyama wa SLDF kuyafuta machozi ya akina mama wa Cheptais wanaouliza waume zao wako wapi. Makala inayolia kwa jicho moja ni kijikaratasi cha kampeni.

Yapo majina yaliyozeeka hata tukasahau nani aliyeyatunga. Mwaka 1895 C. W. Hobley aliongoza kikosi kilichowapiga Wabukusu Lumboka, kisha kwenye ngome ya Chetambe karibu na Webuye. Makaratasi ya Waingereza yalisema ni msafara wa kuwaadhibu Wakitosh. Hilo Kitosh ni jina walilopewa Wabukusu na wengine, wala hawakulipenda. Nanyi mkiandika "msafara wa adhabu", mmeshakubali kwamba kulikuwa na mkosaji na kwamba mwenye kuadhibu alistahili kuadhibu. "Vita vya Chetambe, 1895" linatosha. Na mkiandika Malakisi, msiache kusema kwamba Septemba 1947 wafuasi wa Masinde walikutana Chetambe kuwakumbuka waliokufa 1895. Asiyelijua hilo atadhani umati wa Malakisi ulichipuka usiku mmoja kama uyoga.

Vivyo hivyo Kolowa, upande wa Baringo, tarehe 24 Aprili 1950. Lukas Pkech na wafuasi wake Wapokot walikutana na kikosi cha serikali. Wazungu watatu na askari mmoja Mwafrika waliuawa, na Wapokot 29, Pkech akiwa mmojawao. Wakoloni waliita rabsha, kana kwamba ni ugomvi wa kilabuni. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 iliita mauaji ya halaiki. Mimi ningeandika "Mapigano ya Kolowa", kwa sababu damu ilimwagika pande zote mbili. Hesabu ya 29 kwa 4 iwe katika aya ya kwanza kabisa, msomaji aione na apime mwenyewe.

Sasa kazi ya mikono. Kamusi elezo haipokei habari kwa sababu babu yako aliiona. Inataka chanzo kilichochapishwa, ambacho mtu wa Mombasa au Kigoma anaweza kukitafuta akakisoma. Jambo hili huwaudhi wengi wenu, na mna haki ya kuudhika: ofisa wa kikoloni aliacha faili katika Nyaraka za Taifa, mjane wa Malakisi hakuacha karatasi. Lakini dawa yake si kuingiza maneno ya bibi kwenye makala bila chanzo; yatafutwa kesho asubuhi, na safari hii kwa haki. Nendeni kwa wazee wangali hai. Rekodini sauti, andikeni siku na mahali, ombeni idhini kabla ya kutaja jina la mtu. Kisha pelekeni kazi hiyo gazetini, kwenye jarida la chuo, au kwa mchapishaji wa kitabu. Ikishachapishwa, itasimama katika tanbihi kando ya faili la ofisa. Someni pia waliotangulia: Audrey Wipper alichapisha mwaka 1977 kitabu kuhusu Dini ya Msambwa na dini ya Mumbo. Hamlazimiki kukubaliana naye, ila mnalazimika kumjibu.

Mkigombana juu ya jina, acheni kufutiana. Kila badiliko linabaki katika historia ya ukurasa, na mgeni akija ataona kwamba vijana wa Bungoma walishindwa kukaa kitako. Nendeni ukurasa wa majadiliano. Kila mmoja aandike jina analotaka, chanzo kinachomuunga mkono, na pia, hili nalisisitiza, hoja yenye nguvu zaidi ya mwenzake, kwa maneno ambayo mwenzake atayakubali. Usipoweza kuieleza hoja ya mpinzani wako mpaka akasema "naam, ndivyo ninavyosema", hujafika hatua ya kumpinga.

Mwisho, msiogope jina kubadilika. Ushahidi mpya ukija, faili likifunguliwa, kaburi likipatikana, rudini mkabadilishe, na muandike kwa nini. Leo hii fungueni ukurasa wa Malakisi, wote watatu, muweke kichwa kinachotaja risasi na mwaka, kisha mgawane aya: anayesema ghasia aandike hoja ya waliosema mauaji, na anayesema mauaji aandike hoja ya waliosema ghasia.