Zawadi ya Kufuma: Ikishatoka Mkononi Ni ya Nani?



Ndugu wasomaji, katika darsa zetu huulizwa mara kwa mara masuala makubwa ya mirathi na talaka, na hayo yana vitabu vyake na majawabu yake. Lakini yako masuala madogo ambayo watu huona haya kuyauliza, nayo ndiyo yavunjayo majumba. Leo twataka kulizungumza moja katika hayo madogo: zawadi aliyoifuma mtu kwa mkono wake, akampa jamaa au rafiki yake kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa. Je, zawadi hiyo ikishatoka mkononi, yule aliyeifuma amebakiwa na haki yoyote ndani yake?

Tupige mfano. Shangazi amepata habari kwamba mke wa mtoto wa nduguye ni mja mzito. Amenunua uzi wa sufu, na kila usiku baada ya Isha amekaa na sindano zake miezi miwili, mpaka amemaliza sweta, kofia na soksi. Mtoto amezaliwa, naye amepeleka kazi yake, akapokewa kwa shangwe. Ilipotimia arubaini alikwenda kuwatazama, asiione sweta yake. Akauliza kwa mbali, akaambiwa kwamba imeshampita mtoto, na kwamba amepewa mtoto wa jirani aliyezaliwa juzi. Pale pale moyo ukamvunjika. Alirudi kwake akasema aliyoyasema, na tokea siku hiyo mguu wake haukukanyaga tena nyumba ile. Mfano huu si wa mtu mmoja. Kila mtaa una wake. Basi nani mwenye makosa?

Kabla ya kuhukumu hatuna budi kuijua kazi yenyewe, kwani asiyeijua huidharau. Wako wanaume wasemao kwamba kufuma ni mchezo wa kupotezea wakati, na wako wasemao kwamba ni mambo ya Wazungu yasiyotuhusu sisi watu wa pwani wenye joto. Wote wawili hawakusema kweli. Ama joto, kila mzazi ajua kwamba kipupwe kikiingia, na mvua za kusi zikinyesha usiku, mtoto mchanga huhitaji kufunikwa. Na jamaa zetu wengi leo wakaa Nairobi, na wengine wako Uingereza na Kanada, ambako baridi si ya mchezo. Ama hayo ya Wazungu, vitu vya kufumwa vya zamani sana vilivyohifadhiwa mpaka leo vimetoka Misri ya Waislamu: ni soksi za pamba zenye mapambo ya buluu na nyeupe. Na katika kaburi la mwana wa mfalme wa Kastilia huko Hispania, Fernando de la Cerda, aliyekufa mwaka 1275, umekutikana mto wa kichwa uliofumwa kwa hariri na mafundi wa Kiislamu, na pambizoni mwake limefumwa kwa khati ya Kiarabu neno «baraka», likikaririwa. Mtu aliyelazwa si Muislamu, na kaburi si letu, lakini mkono uliofuma ulikuwa wetu. Basi mwanamke wa Kiislamu ashikaye sindano leo hakuiga mtu. Ameirudia kazi iliyokuwa nyumbani kwao.

Na kazi yenyewe ni ya subira. Nguo ya kitanda cha mfumi ina nyuzi za urefu na nyuzi za upana zilizopitana. Sweta haiko hivyo. Hiyo, kwa asili yake, ni uzi mmoja tu uliopindwa vitanzi, kila kitanzi kimeingia katika kitanzi cha mstari wa chini yake. Kikiponyoka kimoja bila ya kuonekana, kilicho chini yake hufuatia, mpaka pawe na ufa mrefu. Kwa hivyo mfumaji huhesabu, na akikosea hufumua mistari kadha wa kadha akaanza tena. Akina bibi zetu waliijua subira hii katika kofia zao za kushona kwa mkono, tundu baada ya tundu, na katika ukili wa misala. Na tena leo hapana awezaye kusema kwamba mfumaji amefuma kwa ajili ya kupunguza gharama. Sweta za mitumba zauzwa barabarani, na mara nyingi uzi peke yake una thamani kuliko sweta nzima ya mtumba. Basi afumaye leo hakutoa sufu. Ametoa siku katika umri wake.

Hii ndiyo hoja ya shangazi wetu, nasi twapaswa kuisikiliza kwa insafu. Yeye asema: «Lau ningempa fedha, angezitumia apendavyo nisiulize. Lakini hii si fedha. Hizi ni nyusiku zangu sitini. Kila kitanzi nimemkumbuka mtoto yule. Vipi apewe mwengine nisiyemjua?» Neno hili lina uzito, wala asiyelihisi hana moyo. Lakini uzito wa neno ni kitu kimoja, na haki ni kitu chengine.

Tuanze na sharia. Mafaqihi wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema kwamba hiba hutimia kwa kutoa, kukubali na kukabidhiwa. Ikishakabidhiwa kwa idhini ya mtoaji, imetoka katika milki yake, wala hana ruhusa ya kuirejea, ila mzazi aliyempa mwanawe. Na Bwana Mtume (s.a.w.) amemfananisha mwenye kuirejea hiba yake na mbwa anayeyarejea matapishi yake, na hapana mfano mchafu kuliko huo. Mafaqihi hawakubagua hapa baina ya kilichonunuliwa na kilichofumwa. Jasho la mfumaji huongeza thamani ya zawadi, lakini haliiachi kamba imefungwa mkononi mwake.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo akina mama wengi hawalijui, nalo lawapasa. Zawadi iletwayo kwa ajili ya mtoto, je, ni ya mama au ni ya mtoto? Wanavyuoni wamelizungumza jambo hili katika hadaya ziletwazo watoto wanapotahiriwa, wakakhitalifiana: wako waliosema ni za baba, na wako waliosema ni za mtoto, ikiwa mtoaji hakubainisha. Ama akibainisha kwamba ni ya mtoto, hiyo ni mali ya mtoto, hata akiwa ana siku moja duniani, na walii wake hana ruhusa ya kuitoa bure mali ya mtoto. Basi huenda mama yule aliyempa jirani amekosa, lakini hakumkosea shangazi; amemkosea mwanawe. Na dawa ya haya ni nyepesi. Atoaye na aseme wazi: «Mwanangu, hii ni yako wewe, mvike mtoto, na ikimpita mpe umtakaye.» Maneno haya machache yatamwondolea mama dhambi, na yataufungua moyo wa mtoaji kabla haujafungika.

Tukitoka katika sharia tukaingia katika adabu, twakuta kisa kilichopokewa katika Sahihi ya Bukhari kutoka kwa Sahl bin Saad (r.a.), ambacho latosha kila mfumaji akijue. Mwanamke mmoja alimletea Bwana Mtume (s.a.w.) burda yenye pindo, akamwambia kwamba ameifuma kwa mkono wake ili amvike. Bwana Mtume akaipokea hali ya kuwa ana haja nayo, akatoka nayo mbele ya watu ameivaa. Mtu mmoja akaiona, akaisifu, akaiomba. Bwana Mtume akampa. Masahaba wakamlaumu yule mtu, kwa kuwa alijua kwamba Mtume ana haja nayo na kwamba yeye hamrudishi mwenye kuomba. Yule akajitetea kwamba hakuiomba aivae, bali aliitaka iwe sanda yake. Na Sahl akasema kwamba ikawa sanda yake kweli.

Zingatieni, ndugu zangu. Kazi ya mkono wa yule bibi haikukaa juu ya mwili wa aliyefumiwa ila muda mchache. Masahaba walimlaumu aliyeomba. Hawakumlaumu aliyetoa, wala hapana katika kisa neno la yule bibi kuwa amevunjiwa heshima. Je, tutasema kwamba kazi yake imepotea? Aliyefumiwa ameipokea, ameihitaji, ameivaa mbele ya watu. Kisha ikaenda mbali kuliko alivyoikusudia, ikamsitiri mtu mwengine kaburini mwake. Sweta iliyotoka kwa mtoto wa nduguyo ikamfikia mtoto wa jirani nayo imekwenda mbali kuliko ulivyoikusudia. Watoto wawili wamepata joto kwa nyusiku zako sitini badala ya mmoja. Wewe umehesabu hasara, hesabu tena.

Lakini kisa hiki kina upande wa pili, nao ni wa mpokeaji, wala asidhani kwamba tumemwachilia. Bwana Mtume aliivaa. Hakuipokea akaitia sandukuni. Wako kwetu wapokeao zawadi ya mkono kwa midomo, kisha huificha, na wageni wakija humvika mtoto nguo ya dukani yenye jina la kigeni ili waonekane. Huku ni kumdharau Muislamu. Bwana Mtume amewakataza wanawake wa Kiislamu kuidharau zawadi ya jirani hata ikiwa ni kwato ya mbuzi. Seuze nguo aliyoiinamia mtu miezi miwili. Haki ya mfumaji juu yako si kwamba uiweke sweta yake milele. Haki yake ni kwamba umvike mtoto hata mara moja naye aone, umwombee dua, na siku utakayompa mwengine umwambie wewe mwenyewe, asiambiwe na majirani. Lau mama yule katika mfano wetu angefanya hivi, shangazi angefurahi mara mbili.

Na liko gonjwa jengine ambalo hatuwezi kulinyamazia. Kumtazama mzazi katika miji yetu kumeanza kuwa soko. Huandikwa fulani kaleta nini, ili siku yake naye alipwe mfano wake au zaidi. Asiye na kitu huona haya, akakaa kwake, na mzazi akakosa mguu wa jamaa yake kwa sababu ya nguo. Katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 39, Mwenyezi Mungu ametubainishia kwamba kitolewacho ili kikue katika mali za watu hakikui mbele Yake. Na wafasiri wamesema kwamba maana yake ni pamoja na zawadi itolewayo kwa kutaraji kurudishiwa kubwa kuliko hiyo. Basi anayetoa sweta akingoja kurudishiwa sweta, huyo amefanya biashara, na biashara ni halali. Lakini asiiite zawadi. Na anayetoa akingoja kusifiwa kila akutanapo na mtoto, naye ameuza, ila bei yake ni maneno.

Huenda msomaji akasema: «Ikiwa mfumaji hana haki ya kitu, wala ya malipo, wala ya kuiona kazi yake, ana faida gani ya kujichosha?» Twamjibu kwamba faida yake ameshaipata kabla ya kutoa. Katika zile nyusiku alizokaa na uzi wake, ulimi wake ulikuwa umenyamaza kwa kusengenya, na moyo wake ulikuwa kwa kiumbe ambaye bado hajaonekana, akimtakia kheri asiyeweza kumlipa. Ni wakati gani mwengine mwanaadamu hupenda hivi, bila ya kupendwa kwanza? Hili hapana awezaye kumpa jirani, wala halimpiti mtoto, wala nondo hawalili. Sweta imetoka, mapenzi yamebaki kwa aliyefuma, na thawabu yake iko kwa Mola wake.

Ila yeye mwenyewe aweza kuyaharibu. Katika Sura ya An-Nahl, aya ya 92, Mwenyezi Mungu ametukataza tusiwe kama yule mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa madhubuti. Aya hiyo yahusu ahadi na viapo, lakini mfano wake wamfaa kila afanyaye jema kisha akalivunja. Wafumaji waujua mfano huu kuliko sisi. Nguo ya miezi miwili, ukiukata uzi wa mwisho ukauvuta, hufumuka kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Na masimango ndiyo mkono uvutao. Mwanamke anayesema mbele ya watu, «Nilimfumia mimi, na angalieni alivyonifanya,» hakumvua nguo mtoto wa jirani; nguo ile iko mwilini mwa mtoto vile vile. Alichokifumua ni kile chake yeye, kilichokuwa kimebaki.

Basi nasaha yetu kwa akina mama na dada zetu ni kwamba fumeni, na wafundisheni binti zenu kufuma, kwani ni kazi njema yenye heshima. Mkimaliza, fungeni uzi wa mwisho vizuri, mtoe kwa maneno ya wazi, kisha msiifuate zawadi kwa macho. Na mpokeaji naye amvike mtoto, ashukuru, na asiwe na haya ya kusema ukweli siku ikimpita. Wazee wetu walisema: tenda wema wende zako. Hawakusema tenda wema ukae mlangoni ungoje. Na yule shangazi wa mfano wetu, popote alipo katika mitaa yetu, twamwomba ainuke leo hii aende akamtazame mtoto. Kwani yeye ndiye aliyefumiwa, na bado yupo.

Wabillahi tawfiiq.