Mgeni wa Miaka Kumi

Kwetu kuna methali mbili kuhusu mgeni, na kila moja ina wenyewe. Ya kwanza, "mgeni njoo, mwenyeji apone", hupendwa na viongozi. Ya pili, "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe", hupendwa na akina mama, hasa mgeni akiwa ni shemeji asiyetaka kuondoka. Nimezijua zote mbili tangu utotoni na sikuwahi kuona kwamba zinagombana, mpaka Desemba iliyopita, nikiwa nimeketi sokoni kando ya mama yangu, mbele ya rundo la nyanya.

Mama huuza nyanya, vitunguu na sukuma wiki siku za soko, Jumanne na Ijumaa. Kila siku ya soko hulipa ushuru wa shilingi 50. Zamani alikuwa anakatiwa tiketi ya karatasi. Siku hizi kijana wa kaunti huja na kimashine, anabonyeza, kinatema risiti. Hakuna cha kusema "bado sijauza". Asiyelipa, mzani wake unabebwa. Ijumaa hiyo, kijana akiwa anabonyeza, gari la vipaza sauti lilipita likitangaza kwamba mheshimiwa gavana angekuja kutembelea kiwanda cha nguo kilichoko kando ya barabara ya lami, na wananchi wote wajitokeze.

Mama akapokea risiti yake, akaikunja, akauliza, "Na hao wa kiwanda, mwanangu, unawakatia ya ngapi?"

Kijana akacheka. "Hao hatuwagusi, mama. Hao ni wageni."

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa tatu."

Mama hakuendelea. Aligeukia mteja aliyekuwa anabonyezabonyeza nyanya. Mimi ndiye niliyebaki na lile swali, na bado ninalo: ni haki ya namna gani inayomtoza mwenyeji na kumsamehe mgeni?

Ngoja kwanza niseme upande wa kiwanda, maana ni rahisi mno kumkejeli mwekezaji ukiwa umekaa Nairobi na laptop yako. Dada yangu mdogo anafanya kazi pale. Kabla ya hapo alikuwa mfanyakazi wa nyumbani jijini, analala jikoni, anamwona mtoto wake mara mbili kwa mwaka. Sasa anashona mifuko ya suruali, mfuko baada ya mfuko kutwa nzima, na jioni analala chumba kimoja na mtoto wake. Mshahara si wa kujivunia, lakini ndio ulionunua tangi la maji lililoko nyuma ya jiko la mama. Nilipomwambia kwamba nafikiria kuandika haya, aliweka sahani chini akanitazama.

"Kaka, wewe unatafuta haki, mimi natafuta mwisho wa mwezi. Wakibanwa hawa watahamia Ethiopia. Halafu hiyo makala yako nitaipika?"

Nakiri kwamba sikuwa na jibu. Na hoja yake ndiyo hoja ya serikali, ila yeye ameisema kwa ufupi. Kenya ilitunga sheria ya maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, yale tunayoyaita EPZ, mwaka 1990. Kampuni yenye leseni hiyo hailipi kodi ya mapato kwa miaka 10 ya kwanza. Miaka 10 inayofuata hutozwa asilimia 25, wakati kampuni ya kawaida hutozwa asilimia 30. Mwaka 2015 ikaja sheria ya maeneo maalumu ya kiuchumi, nayo ina viwango vyake vya chini. Tangu mwaka 2013 kaunti 47 nazo zimeingia katika mchezo huu, kila moja ikiwa na ardhi, maji, barabara na leseni za kumvutia mgeni asipite kwenda kwa jirani. Mantiki yake haina uchawi: asilimia 30 ya kiwanda ambacho hakikuja ni sifuri.

Najua pia kwamba ushuru wa soko na kodi ya kampuni si kitu kimoja. Ule ni wa kaunti, hii ni ya taifa. Lakini kiwanda chetu kilipunguziwa hata vile vya kaunti, leseni na kodi ya ardhi, na barabara ya kukiingilia ilichongwa kwa pesa za kaunti. Kwa hiyo swali la mama linabaki palepale. Kwa shilingi 100 kwa wiki, analipa shilingi 5,200 kwa mwaka. Kwa miaka 10 ya likizo ya mgeni, yeye atakuwa ametoa shilingi 52,000, zote kutoka kwenye nyanya. Choo cha soko hakina mlango.

Mwalimu Nyerere aliitumia methali ya jembe katika andiko lake la mwaka 1962 kuhusu ujamaa. Watu wengi huikumbuka kama amri: mpe jembe. Lakini yeye alikwenda mbele zaidi. Alieleza kwamba mgeni mwenyewe huenda angeliomba lile jembe kabla ya kupewa, maana angeona aibu kuendelea kukaa bure. Ukifikiri vizuri, methali yote imesimama juu ya aibu hiyo. Mwenyeji anaweza kuwa mkarimu bila kipimo kwa sababu anajua mgeni ana uso, na uso huo utamsukuma shambani.

Sasa kampuni ina uso gani? Ndani yake mna watu wenye aibu zao, wengine waungwana kabisa, lakini kampuni yenyewe haioni haya. Ikipewa miaka 10 ya kukaa bure, haitaamka asubuhi ya mwaka wa tatu ikaomba jembe. Wala si kosa lake, haikuumbwa hivyo. Kosa ni letu sisi tunaoipokea kwa desturi za kumpokea binadamu. Mahali ambapo aibu haipo, mkataba ndio unaopaswa kuwa na macho.

Na hili si la nchi maskini tu. Mwaka 2017 jimbo la Wisconsin, Marekani, liliiahidi Foxconn, kampuni kubwa ya Taiwan, nafuu za takriban dola bilioni 3 ili ijenge kiwanda cha skrini katika kijiji cha Mount Pleasant. Zikaahidiwa ajira hadi 13,000. Watu wakauza nyumba zao kupisha mradi, mashamba yakageuzwa viwanja, kijiji kikakopa pesa za ardhi na miundombinu. Kiwanda kilichoahidiwa hakikuja kama kilivyoahidiwa. Mwaka 2021 mkataba ukaandikwa upya: nafuu zisizozidi dola milioni 80, ajira 1,454.

Kinachonivutia katika habari hiyo ni kwamba mkataba wa jimbo ulikuwa na jembe ndani yake. Sehemu kubwa ya nafuu ilifungwa kwenye ajira. Bila ajira, hakuna pesa. Kwa hiyo jimbo halikutoa yale mabilioni. Walioumia zaidi ni wale waliotoa kwanza, kabla mgeni hajafanya lolote: kijiji chenye madeni, na watu ambao nyumba zao zilikuwa zimekwisha kubomolewa. Aliyeko chini kabisa ndiye hutanguliza chake. Nilipofika hapo niliwaza kimashine cha yule kijana, ambacho hukusanya asubuhi, kabla mama hajauza hata fungu moja.

Baadhi yenu mtanikumbusha mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo. Mwenye shamba aliwalipa walioajiriwa jioni sawasawa na waliovuja jasho tangu alfajiri. Wa alfajiri waliponung'unika, aliwauliza kama hana ruhusa ya kufanya apendavyo na mali yake. Nimesikia mfano huo ukihubiriwa mara nyingi dhidi ya wivu, na pengine mama na mimi tuna wivu kidogo. Lakini soma tena swali la yule mzee. Lina nguvu kwa sababu mali ilikuwa yake. Afisa anayemsamehe mwekezaji hatoi mali yake. Anatoa darasa ambalo halitajengwa, dawa ambazo hazitanunuliwa, na mlango wa choo cha soko. Ukarimu kwa mali ya mwingine huenda ukawa biashara nzuri, huenda ukawa hata hekima, lakini ukarimu hauwi mpaka mwenye mali aulizwe.

Hapo nilidhani nimemaliza kufikiri. Kumbe bado, na aliyenionyesha ni kuku.

Nilipofika nyumbani siku mbili kabla ya siku ile ya soko, mama alinichinjia kuku. Nilikula paja na firigisi. Dada yangu alirudi kutoka kiwandani saa moja usiku, miguu imevimba, akapata shingo na mchuzi. Ndivyo huwa kila mwaka na sikuwahi kuona chochote. Mimi ndiye niliyeondoka. Yeye ndiye anayempeleka mama kliniki ya presha, anayechota, anayefagia, anayejua ni mbuzi yupi anaumwa. Kwa hiyo jioni ya siku ya soko, nikiwa na hasira zangu za haki, nilimuuliza mama kwa nini dada hachinjiwi kuku.

Mama alishangaa kweli kweli. "Yeye yuko," akasema.

Nimeyarudia maneno hayo mawili mara nyingi tangu siku hiyo. Yeye yuko. Sidhani kama nimesoma maelezo bora ya sera ya uwekezaji. Kiwanda husamehewa kwa sababu kinaweza kuondoka; mama hutozwa kwa sababu yuko. Hatawaambia kaunti kwamba akibanwa atahamishia nyanya zake Rwanda. Shamba lake liko hapa, kaburi la mume wake liko hapa, wateja wake wanamjua kwa jina. Kila kinachomfunga na mahali hapa, kila kitu ambacho tungekiita uaminifu kama angekuwa mwanajeshi, kinageuka sababu ya kutozwa. Na uwezo wa kutuacha unageuka sifa ya kulipwa. Tukiendelea hivi tunawafundisha watoto wetu somo moja tu: ukitaka kuthaminiwa, simama karibu na mlango.

Mimi nimelifaulu somo hilo, na firigisi ni yangu kila Desemba.

Sisemi kwamba mgeni asichinjiwe kuku. Nyumba isiyochinjia mgeni ina ubaya wake, na dada yangu ana haki ya mwisho wake wa mwezi. Kuna wanaosema dawa ni kaunti zijenge viwanda vyao wenyewe, kama Makueni ilivyojenga cha kusindika maembe kule Kalamba, kilichofunguliwa mwaka 2017. Naona mvuto wake: mkulima wa maembe na kiwanda cha maembe wote wako, hakuna wa kumtishia mwenzake kwa kuondoka. Lakini si kila kaunti ina maembe, na mali ya umma nayo hufilisiwa na wenyewe wa karibu. Wageni tutaendelea kuwahitaji.

Ninachodai ni kidogo zaidi ya hapo, na kwa bahati kimekwisha andikwa. Kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 kinataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayosamehewa ila kwa mujibu wa sheria. Na pale sheria inaporuhusu, kila msamaha uwekwe katika kumbukumbu ya umma pamoja na sababu yake, na upelekwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Mama anazo kumbukumbu zake. Risiti zake zote amezitia kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati, zimefifia wino, lakini zipo. Mwenyeji ameandikwa hadi shilingi ya mwisho. Mgeni naye aandikwe.

Niliandika barua ya kuomba nione kumbukumbu hiyo. Niliwasomea nyumbani kabla ya kuipeleka, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Niliuliza ni kwa nini kiwanda kimesamehewa. Dada yangu alinyoosha mkono, akachukua kalamu, akafuta mstari huo.

"Usiulize kwa nini," akasema. "Kwa nini tunajua, mimi ndiye kwa nini. Uliza mpaka lini."

Akaandika yeye mwenyewe: tungependa kujua msamaha huu unaisha tarehe gani. Niliona kwamba katika kusoma kwangu kote sikuwa nimefika hapo. Methali yenyewe haina ugomvi na siku mbili za mgeni. Inachotaka ni siku ya tatu iwe na tarehe, na mwenyeji na mgeni wote waijue tangu siku ya kwanza. Hapo dada yangu anabaki na kazi, na mama anabaki na heshima ya mtu anayejua anasubiri nini.

Ofisini niliambiwa mhusika yuko mkutanoni, nirudi Jumatatu. Jumatatu mimi nilikuwa tayari kwenye basi la Nairobi. Aliyekwenda ni mama. Alikaa kwenye benchi tangu saa tatu hadi saa saba, wakampigia nakala yake muhuri wa kupokelewa, akaikunja kama anavyokunja risiti, akaenda kuitia kwenye kopo. Jibu halijaja. Ataenda tena Jumatatu ijayo. Yeye yuko.