Neno la Kijana na Jibu la Mkubwa

Kila mwaka vijana wetu wanapokuja kuombewa kabla ya kwenda Chuo Kikuu, sisi wazazi huwaaga kwa wosia mmoja: soma mwanangu, usijitie katika maneno ya watu. Twasema hivyo kwa upendo, na kwa hofu pia. Lakini yafaa tujiulize kama wosia huo ni wa haki. Twampeleka mtoto mahali pa kutafuta ukweli, kisha twamfunga mdomo kabla hajapanda basi.

Hofu yetu ina asili yake. Wazee miongoni mwetu wanaikumbuka tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam walipoandamana hadi Ikulu kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyowataka watumikie kwa mshahara uliokatwa sana. Bango moja lilisema afadhali ukoloni. Tusilipambe neno lile. Kulisema mbele ya mtu aliyehangaikia Uhuru, tena kwa ajili ya mshahara, ni utovu wa adabu na ni uongo pia. Mwalimu Nyerere alikasirika, na wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Baadaye wengi wao waliruhusiwa kurejea masomoni.

Ila iko sehemu ya kisa hiki ambayo watu hawaisimulii sana. Vijana wale walilalamika pia kwamba wakubwa wanapokea mishahara minono huku wao wakihimizwa kujinyima. Katika hasira ile ile Mwalimu alikiri kwamba hapo wana haki, akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Basi kinywa kimoja kilitoa tusi na neno la kweli kwa pamoja. Nasi twauliza: kama vijana wale wangeaswa na wazazi wao wanyamaze, wakatii, nani angelisema lile la pili?

Miaka mitatu baadaye mambo yalikwenda vingine. Desemba 1969 Walter Rodney, mwalimu wa historia pale Mlimani na mgeni kutoka Guyana, alihutubia semina ya vijana kwa maneno makali. Gazeti la TANU, The Nationalist, likamkemea katika tahariri. Naye akajibu kwa barua. Neno kwa neno, wino kwa wino. Aliendelea kufundisha hapo mpaka 1974. Lakini mwaka 1970 gazeti la wanafunzi lililoitwa Cheche, lililokuwa limechapisha makala ndefu ya Issa Shivji juu ya matabaka nchini, lilipigwa marufuku. Marufuku haikuonyesha makala ile imekosea wapi. Mwaka 2008 Shivji huyo huyo akawa Profesa wa kwanza wa Kigoda cha Mwalimu Nyerere katika chuo kile kile.

Hatusemi kijana aropoke atakavyo. Anayempigia kelele mgeni hata asisikike, au anayemzushia mwenzake jambo asilolisema ili ashinde mjadala, huyo naye ameziba kinywa cha mtu, ajapokuwa hana cheo wala askari. Tungependa wosia wetu uwe huu: sema, lakini kwanza uweze kuyaeleza maneno ya mpinzani wako mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba umemwelewa. Ni kazi ngumu. Sisi watu wazima wachache tunaiweza.

Na hapa hatuna budi kujitazama wenyewe. Katika mkutano wa parishi uliopita kijana mmoja, aliyekuwa likizoni kutoka chuoni, aliuliza fedha za mabati ya ukumbi zimefikia wapi. Aliuliza kwa sauti ya juu kidogo, ni kweli. Tulimwambia akae chini, asiwafundishe wazee, na watu wakapiga makofi. Swali lake halikujibiwa.

Tumekubaliana na mtunza hazina kwamba hesabu hizo zitasomwa zote Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili. Kijana yule amekwisha kurudi chuoni. Mama yake ameombwa aje na daftari, amwandikie.