Toba ya Muuaji na Haki ya Aliyeuawa

Tarehe 2 Aprili 2015 waliuawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Mwezi ule ule Serikali ya Kenya ilitangaza msamaha wa siku 10 kwa vijana waliojiunga na al-Shabaab wakajisalimisha. Mwaka 2019 mahkama ya Nairobi iliwahukumu watu watatu kwa kushiriki katika njama ya shambulio lile: mmoja kifungo cha maisha, wawili miaka 41. Basi watu huuliza: mtu kama huyu yafaa kusomeshwa gerezani arekebike, au ni kutia maji katika pakacha?

Ndugu Muislamu, jawabu yataka tupambanue haki mbili: haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya waja. Suratul Maida imewavua na adhabu ya uharamia wale watubuo kabla ya kukamatwa. Lakini wanazuoni wa Kishafii wamebainisha ya kuwa iondokayo hapo ni haki ya Mungu. Damu na mali za watu zabaki shingoni mpaka wenyewe wasamehe. Serikali yaweza kusamehe uasi iliofanyiwa yenyewe. Damu ya mtoto wa mtu si yake kuisamehe.

Wala hayo si hoja ya kumwacha mfungwa aoze. Thumama bin Uthal alifungwa katika nguzo ya msikiti wa Madina akiwa adui. Siku ya tatu Mtume (s.a.w.) aliamuru afunguliwe, naye akasilimu kwa hiari yake. Aliyepotezwa kwa jina la dini hatarudishwa na useremala peke yake. Yampasa mwenye elimu amkabili na kuzivunja shubuha zake kwa hoja.

Lakini toba ina masharti manne: kuacha, kujuta, kuazimia kutorejea, na kumrudishia mwenye haki haki yake. Masomo ya gerezani huenda yakafikia matatu. La nne ndilo lisahauliwalo. Wazee wa Kisomali wa Kaskazini Mashariki katika maslaha yao huliendea hilo: ukoo wa muuaji hukiri na kutoa ngamia wa diya. Kasoro ipo, kwani mzigo hubebwa na ukoo mzima, na muuaji huenda asiuhisi. Hata hivyo, wafiwa huulizwa.

Wengi wa waliouawa Garissa walikuwa Wakristo, waliotengwa kwa ajili ya dini yao, na wazee wao wako mbali. Nani amewauliza? Damu yao ni haramu kama yetu. Basi mwalimu aingiaye gerezani asitosheke kumsikia mfungwa akisoma vizuri. Na amuulize: mama wa yule kijana, umemwandalia nini?

Wallahu a'alam.